Aliyegusa Amenunua

Kwenye ufuko wa Kashikishi kuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote na kila mtu anaijua: aliyegusa amenunua. Ukitaka samaki, simama, tazama kwa macho, bishana bei mpaka mate yakukauke, lakini mikono yako kaa nayo. Ukishageuza fungu la mtu kutafuta wakubwa zaidi, mabishano yamekwisha. Mwenye mali anataja bei anayoitaka na wewe unatoa. Wanawake wa samaki ndio walioiweka, kwa sababu vidole vya wateja huvunja chisense, wale samaki wadogo wa Ziwa Mweru, na samaki aliyebonyezwabonyezwa hata paka humnunia. Siku hizi sheria imekua, inashika hata mitumba na sufuria na betri za sola. Ni sheria nzuri. Siku ile Pierrette aliichukia kuliko alivyowahi kuchukia kitu chochote tangu avuke mpaka na mama yake.

Alifika sokoni hasira yake ikiwa imeshaiva. Mtihani wa mitandao ya kompyuta, ule wa cheti kinachotambulika kila mahali, alikuwa ameshaufanya akaanguka. Hakuanguka kwenye maswali ya kukariri. Alianguka pale alipoletewa router mbili, vile visanduku vya kuunganisha mitandao, zisizosikilizana na kuambiwa azipatanishe, naye hajawahi kuishika hata moja maishani; alikuwa amejifunza kwenye karatasi, kama mtu anayejifunza kuogelea akiwa kitandani. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, na kila alipowasha programu ya kuigiza vifaa hivyo ilizima yenyewe. Parokia ilikuwa imemlipia tena na kusema wazi kwamba hakutakuwa na kulipa kwingine. Karatasi ya ruhusa ya kutoka kwenye makazi ya wakimbizi kwenda Lusaka ilikuwa imegongwa muhuri kwa tarehe hizo tu, na yeyote aliyewahi kuiomba karatasi hiyo anajua jinsi muhuri ule unavyoringa. Kwa hiyo alihitaji vifaa vya kweli, vilivyotumika, vya bei ya mtu wa kawaida, na alivihitaji kabla mwezi haujaisha.

Mwenye navyo alikuwa Chisala. Chisala aliuza chaja, redio na kila kilichotupwa na ofisi za ng'ambo ya ziwa, na kwa paneli zake za sola alichaji simu za ufuko mzima. Kwa ajili ya simu hizo alijiona chifu. Kila jioni alipita kwenye meza za samaki, akageuza mafungu apendavyo, akaokota wakubwa, na wanawake wakatazama pembeni. Nani atagombana na mtu aliyeishika simu yako? Wengine sheria iliwabana kooni. Yeye ilimpisha njia.

Pierrette alijua anachotaka. Alikuwa ameuliza, amesoma, amefikiria mpaka akaota. Asichukue mpya, hana uwezo nayo. Asichukue ya zamani mno, maana amri zake zimeshabadilika na mtihani hauziulizi tena. Achukue ndogo, isiyopiga kelele, isiyokula umeme, yenye waya wake wa umeme na lile tundu la buluu la kuchomekea waya wa kuiamrisha. Router mbili na switch moja, kile cha kugawa mtandao kwa kompyuta nyingi, vingemtosha kujenga mtandao mdogo, kuuvunja, kuujenga tena mpaka vidole vijue vyenyewe. Vyote vilikuwa pale mezani kwa Chisala. Router moja ilikuwa safi kabisa, haina kutu wala wadudu wa ziwani, ikiwa imelala mbele kama bibi harusi. Macho yake yaliiangukia hiyo.

Alimwomba Chisala aiwashe, aone taa. Chisala akacheka, akauliza tangu lini samaki anaonjwa kabla ya kununuliwa. Pierrette akamwambia muuzaji humfunua samaki mashavu, mteja akaona kama ndani bado pekundu, na kuwasha router ndiyo kuifunua mashavu. Chisala hakupenda kufundishwa. Akainama chini ya meza, akanyanyua kwa kishindo mashine moja ya mtandao, nene kama jeneza la mtoto, yenye mafeni ubavuni, akaiweka juu ya vile vidogo vyote, mbele ya kifua cha Pierrette.

"Ile ya kadogo ni ya kuchezea batoto," akasema. "Ii njo ya kazi. Ilitokaka ku bureau ya mugodi, mukubwa wao alikuwa anaiheshimu. Na weye, mukimbizi, certificate utapeleka wapi? Utaitundika mu tente?"

Watu walicheka. Siyo wengi, lakini walicheka. Na Pierrette, ambaye miaka yote alikuwa amemeza maneno ya namna hiyo kwenye foleni na kwenye ofisi na kwenye milango, siku hiyo tumbo lake lilijaa. Akaipiga ile mashine kofi, akaisukuma kwa mikono miwili imwangukie Chisala.

"Ondoa hii kintu yako mbele yangu!"

Mashine haikutikisika. Chisala alitazama ile mikono miwili juu ya bati, na uso wake ukafunguka polepole kwa furaha.

"Umegusa," akasema.

Kila mtu anajua methali ya hasira hasara, na kila mtu pale aliitamka, wengine kwa Kibemba, kana kwamba Pierrette alikuwa na haja ya kukumbushwa. Alipiga kelele kwamba kusukuma si kununua. Chisala akawaita wanawake wa samaki waamue, kwa kuwa sheria ni yao. Akaja Eness, mkubwa wao, mwanamke wa Kashikishi mwenye mikono inayonuka moshi hata Jumapili. Akaja na Angèle, mama yake Pierrette, ambaye meza yake ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Pierrette akamgeukia mama yake na roho ikamtulia kidogo. Mama alikuwa ameona yote. Mama angesema.

Angèle aliitazama mashine, akamtazama Chisala, akamtazama mwanawe.

"Amegusa," akasema, akarudi kwenye samaki wake.

Bei aliyoitaja Chisala ilikomba kila kitu. Pierrette alitoa mpaka zile alizoficha kwenye soksi, akitamani kumrarua mtu. Akaazima wilbaro, akaisukuma ile mashine mchangani, gurudumu likizama kila hatua, mpaka kwenye ukumbi wa kanisa, mahali pekee alipoweza kujisomea. Huko kwaya ilikuwa inafanya mazoezi. Alipoichomeka, mafeni yalinguruma kama injini ya boti inayokataa kuwaka, betri za kanisa zikalia, na kinanda kikakatika katikati ya pambio. Mwalimu wa kwaya akamwuliza kwa upole kama kile kitu ni cha kusagia mahindi.

Aliirudisha kwenye wilbaro. Haikuwa na kosa, maskini ya Mungu; ilijengwa kwa ajili ya jengo lenye umeme wake na watu wengi, na katika mtihani hakuna atakayemwuliza habari zake. Pesa za vile vidogo ndizo zilizokuwa zimekaa ndani yake, na hakukuwa na nyingine. Akaisukuma moja kwa moja mpaka mezani kwa mama yake, akaibwaga chini, mchanga ukaruka juu ya samaki, na hakujali.

Hapo alisema yote. Alimwambia mama yake kwamba amemuuza sokoni mbele ya watu. Kwamba mama wa wengine hudanganya mahakamani kuokoa watoto wao, na yeye ameshindwa hata kunyamaza. Kwamba Lusaka imekufa, mtihani umekufa, na karatasi ile ya muhuri sasa anaweza kufungia samaki. Angèle aliendelea kupanga mafungu yake, wakubwa chini, wadogo juu, jambo ambalo halikuwa desturi ya mfanyabiashara yeyote mwenye akili, lakini Pierrette hakuwa na macho ya kuliona.

"Chisala anageuza samaki yako kila siku!" akasema. "Kila siku, mama! Na hamusemake kintu!"

"Atuyasema," Angèle akajibu. Hatujasema bado. Akavuta ile mashine karibu, akaipangusa mchanga kwa kanga, akaikalia. Kimo chake kilimfaa vizuri kuliko ndoo aliyozoea.

Pierrette angeondoka, lakini hakuwa na pa kwenda na hasira ile. Akabaki amesimama nyuma ya mama yake, mikono kifuani, akilitazama ziwa na boti za Kilwa, ile ya ng'ambo ya ziwa, zilizokuwa zinashusha abiria, akiwachukia abiria wote.

Jua lilikuwa bado juu Chisala alipopita. Alikuwa na pesa mfukoni na njaa ya mtu aliyefanya biashara nzuri. Akamsalimu Angèle kwa mzaha, akasifu kiti chake kipya, kisha, kama kawaida yake, akauingiza mkono mpaka chini kabisa ya fungu, akaligeuza lote, akamtoa samaki mmoja mnene kwa mkia.

Angèle hakuinuka. "Umegusa," akasema.

Chisala akacheka. Akaona hakuna anayecheka naye. Akageuka kumtafuta Eness, na Eness alikuwa ameshafika, na wale wanawake wengine nyuma yake, wakijipangusa mikono. Akasema wao wenyewe wamemwacha afanye hivi siku zote, iweje leo. Akazikumbusha simu zao. Akasema huku ni kuonea watu.

"Sheria ilikuwa inalala, mukwai," Eness akamwambia kwa adabu ya Kibemba. "Weye njo uliiamsha asubuyi. Amegusa."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Chisala akatoa pesa, akauliza bei ya fungu kwa sauti ya kuudhika. Angèle akasema hataki pesa. Kisha bila kugeuka akamwambia mwanawe, "Pierrette, sema bei."

Kitu kilimpanda Pierrette kutoka miguuni, na bado kilikuwa hasira, lakini sasa kilikuwa na pa kwenda. Akataja router mbili, switch moja na waya wa lile tundu la buluu. Chisala akaapa kwamba fungu la samaki halijawahi kufika huko tangu ziwa liumbwe. Eness akamkumbusha kwamba mabishano yalikwisha alipoingiza mkono. Chisala akaenda akilalamika, akarudi na vitu kwenye boksi, juu kabisa akiwa ameiweka ile router safi, ile ya bibi harusi. Pierrette akanyoosha mikono kuipokea.

Mama yake akampiga kofi mkononi. "Usiguse. Aiwashe kwanza."

Kwa hiyo ufuko mzima ukahamia kwenye kibanda cha Chisala, kwenye sola yake mwenyewe. Pierrette alisimama mikono nyuma, vidole vimeshikana kwa nguvu. Chisala akachomeka ile safi. Hakuna taa. Akaigonga, akapuliza tundu, akageuza waya. Hakuna. Ndani ya lile bati safi hapakuwa na uhai wowote, na Chisala, kwa jinsi alivyokwepa macho ya watu, hakushangaa hata kidogo. Pierrette aliielewa asubuhi yake upya: angeinunua hiyo hiyo kwa tabasamu, kwa pesa zake zote, na angeenda nayo nyumbani akimshukuru.

Hilo halikumtuliza. Lilimwasha zaidi.

"Ingine," akasema.

Chisala akatoa nyingine, chafu, yenye utando wa buibui kwenye matundu. Ilikaa kimya muda mrefu, ikakohoa kwa feni, kisha taa ndogo ikapepesa na kusimama kijani. Akatoa ya tatu, nayo ikaamka. Switch ikawaka matundu yote. Wanawake ambao hawakujua router ni kitu gani walipiga vigelegele, na Eness akaanza kudai simu yake iliyokuwa inachajiwa pale.

Pierrette hakupiga kigelegele. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa na hasira hata nayo. Alimtazama Chisala mpaka Chisala akainamisha uso; kisha yeye akalitazama boksi, akamtazama mama yake.

"Alors?" Angèle akasema. "Sasa gusa."