Wekundu wa Televisheni ya Salvina

Mambo yaliharibika Ijumaa, tarehe 23 Agosti 2024, alasiri, pale televisheni ya marehemu Salvina ilipowaka. Ingekataa kuwaka, mpaka leo ingekuwa mezani pake, kioo chake kizima.

Ndaki, mume wa marehemu, alikuwa amekaa mbele yake kwenye kigoda, kofia mkononi, kama mtu aliyechelewa kuingia kanisani. Fundi Ezekiel wa Maganzo alikuwa amepiga magoti upande wa nyuma. Kifuniko kilikuwa kimefunguliwa na kuegemezwa ukutani, na ndani ya sanduku lile la mbao vilisimama vichupa vya kioo, vingine virefu kama kidole cha mtu mzima, vingine vifupi kama cha mtoto. Hivyo vichupa ndivyo valvu, na ndivyo vilivyomhangaisha fundi tangu kwaresima. Vingine alivitoa kwenye redio ya katekista mmoja huko Ushirombo, kingine kwenye spika ya zamani ya parokia. Zaidi ya hapo, mawimbi ya kale hayapo tena hewani, na king'amuzi hakisikilizani na TV ya umri ule. Ezekiel akaunga deki kuukuu ya video katikati, ikae kama mkalimani.

"Usisogee, mzee," alisema. "Hii ikikupiga, kesho padri anasoma misa ya watu wawili."

"Wewe washa. Nimeshapigwa na wakubwa kuliko hiyo."

Ezekiel alizungusha kitasa. Kwanza kimya. Halafu vichupa vikaanza kuwa vyekundu kimoja baada ya kingine, kama makaa yanayopulizwa. Sauti ikatangulia, ya kike, ikitaja mvua za Bukoba. Picha ikaja nyuma yake polepole, mtangazaji wa hali ya hewa akiwa na uso uliovutika kama wa punda.

"Nitamnyoosha huyu," Ezekiel alisema, akichokonoa kwa bisibisi.

Ndaki alikuwa anafuta macho kwa kofia.

Televisheni ile haikuwa yake, ilikuwa ya Salvina. Baba yake Salvina alikuwa mpishi wa mhandisi mmoja wa kigeni kwenye mgodi wa almasi, na yule mhandisi alipofungasha kurudi kwao alimwachia. Ilikaa miaka mingi ikibeba kitambaa cha kudarizi na picha ya Bikira Maria, maana hapakuwa na cha kutazama. Matangazo yalipofika, Salvina akaiwasha, na nyumba yake pale Songwa ikageuka kituo. Watu walijaa mpaka madirishani. Wengine walimshauri adai kiingilio, akawaambia, "Mimi nafungua duka la watu?" Ilipozima, watu nao wakapungua, kila mmoja na kioo chake bapa nyumbani.

Mwaka mmoja kabla ya Ijumaa hiyo, Salvina alikuwa kitandani kwenye kituo cha afya, akisubiri gari la kumpeleka hospitali kubwa. Gari lilikuwa limechukuliwa kupeleka viongozi kwenye semina. Ndiyo, semina. Akiwa anasubiri, alimwambia mumewe, "Baba Asteria, ile TV itengeneze. Nataka watu waje tena kwangu." Ndaki akaahidi. Gari lilikuja asubuhi, limeoshwa vizuri, likabeba maiti.

Basi misa ya mwaka ilipangwa Jumamosi, na Ndaki alikuwa amepita jumuiya nzima akialika. Njooni, mtaikuta imewaka. Hicho tu ndicho alichokuwa anakitaka duniani, watu wajae sebuleni kwa Salvina, hata kwa siku moja.

Mlangoni akasimama Mwigulu, mume wa binti yao Asteria, aliyefika mchana ule kutoka Bulyanhulu alikokuwa akichimba kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo. Hakutazama picha. Alikuwa anatazama nyuma ya sanduku.

"Shikamoo baba. Fundi, hicho chekundu ni nini?"

"Waya tu. Unapata moto, unawaka, kama pasi."

"Waya?" Mwigulu alichuchumaa. "Mimi zebaki naijua, bwana. Naiona kila siku kwenye karai inavyokamata dhahabu. Ila hiyo ni nyeupe. Nyekundu tunaisikia tu, kwamba Wazungu waliificha kwenye TV za kichogo cha mbao. Tone moja, unanunua lori."

"Ningekuwa nimepasua ngapi mimi mpaka sasa, na bado natembelea baiskeli ya mke wangu?"

"Kwa sababu hujui kupima. Zebaki nyekundu hukata mtandao wa simu." Mwigulu akatoa simu, akaisogeza kwenye vichupa. "Umeona? Mtandao umekata!"

"Humu ndani mtandao unakata hata ukimsogelea kuku," Ndaki alisema. "Toka hapo, mwanangu. Kamsaidie mwenzio kuni."

Mwigulu akatoka, simu bado mkononi. Dirishani vichwa vilikuwa vimeshajaa, na neno zebaki likatoka nao mbio.

Jua halijazama akaingia Otmar, mwenyekiti wa kijiji, na mgambo wawili. Shati jeupe, kalamu mfukoni, na uchaguzi wa vijiji ulikuwa karibu.

"Mzee Ndaki, pole na maandalizi. Tumepata taarifa ya madini."

"Madini gani? Ni TV ya marehemu. Wewe Otmar ulikuwa unakaa palepale chini, kamasi zinakutoka, Salvina anakufuta."

Mgambo mmoja alicheka, akakatizwa na jicho la Otmar.

"Madini ni ya serikali, mzee. Lakini mimi sikuja kukunyang'anya, nimekuja kukulinda. Maneno yameshafika barabarani. Wakija usiku na mapanga, si mtasema mwenyekiti alikuwa wapi? Italala ofisini, chini ya kufuli. Asubuhi unaifuata."

"Kesho ni misa ya mke wangu."

"Ndiyo maana. Iweke chini, tuibebe."

Maana Ndaki alikuwa ameshaikumbatia. Na akaiweka. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye ule mgodi wa almasi alizoea kupekuliwa, mpaka kwenye kinywa na katikati ya vidole vya miguu. Mwenye cheo akisema weka chini, mikono yake huweka chini kabla kichwa hakijakubali. Ezekiel alibaki ameshika kifuniko cha nyuma, hajui ampe nani.

Asubuhi Ndaki alitangulia ofisini pamoja na Ezekiel. Otmar akaja na funguo zake. Kufuli lilikuwa zima, dirisha zima, nondo zote mahali pake. Televisheni ilikuwa sakafuni, imelazwa kifudifudi kama mlevi. Vichupa vyote vilikuwa vimepondwa ndani ya karai la maji, na juu ya maji yalielea maganda ya kitunguu saumu, kwa kuwa inasemekana zebaki nyekundu hukimbia kitunguu saumu. Shingo ya kioo kikubwa cha picha ilikuwa imekatwa.

Ezekiel aliipapasa ile shingo kwa muda.

"Valvu ningezunguka tena, hata mwaka mzima," alisema. "Hiki kioo hapana. Hakitengenezwi tena, na hakiungiki."

"Mpaka saa ya misa?"

"Mzee wangu. Sisemi saa ya misa tu, nasema milele."

Waliirudisha nyumbani, wakaiweka mezani, wakaitandika kitambaa. Na watu walikuja. Hilo ndilo lililomuumiza Ndaki kuliko yote, walikuja kweli. Walijaa sebuleni na uani, akina mama na vitenge vya jumuiya, vijana waliosimuliwa tu, wote wakitazama kioo cheusi na kuona nyuso zao. Misa ikaisha, chakula kikaletwa. Mwigulu hakula, alisema tumbo. Otmar alikula, kisha akasimama kutoa pole kwa niaba ya serikali ya kijiji.

"Mwenyekiti," Ndaki alimkata, sahani mkononi. "Ufunguo wa ofisi ulilala kwa nani?"

"Mzee, hilo liko kwenye uchunguzi. Tusichafue siku ya mama yetu."

"Salvina alikufa gari liko kwenye semina. Hilo nalo mlisema liko kwenye uchunguzi."

Watu wakainama kwenye sahani zao. Katekista akakohoa, akatafuta wimbo.

Pembeni ya meza alikuwa amekaa Justa, dada yake Salvina, mchuuzi wa dagaa aliyetoka Nkome na mzigo wake kichwani ili aione televisheni ya baba yao ikiwaka. Alifunua kitambaa, akachungulia ndani ya sanduku tupu, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa na vumbi la kioo. Akatazama uso mmoja mmoja, kuanzia mlangoni, mwenyekiti, mgambo, mkwe, hata fundi.

"Mimi wa kumfunga simtafuti," alisema. "Nauliza tu, huyo aliyevunja, alikipata alichokuwa anakitafuta?"