Pingili ya Sita

Asubuhi hiyo karani wa madai alikuwa akipuliza chai yake huku akiandika mgongo wa dereva wa lori. Katika kliniki ile ya migongo kila maradhi yalikwenda bima yakiwa namba, na kila pingili ya uti wa mgongo ilikuwa na namba yake. Bima nayo haikukosa kukata pingili moja katika kila dai. Kwa hiyo daktari mwenye kliniki alikuwa na kanuni yake.

“Ongeza moja, binti. Wakikata, tunabaki palepale.”

Shida ni kwamba pingili zote tano za kiuno cha dereva zilikuwa mbovu. Karani alitafuta ya kuongeza, akakosa, akaandika ya sita, ambayo binadamu hakupewa. Kompyuta ya bima ikaipokea bila kuguna.

Mchana dereva alitoka chumba cha matibabu akajigonga paji la uso kwenye kizingiti cha juu cha mlango. Alikuwa amerefuka shibiri nzima. Akajipangusa, akauliza kama dawa humezwa kabla ya chakula au baada, akaenda zake kurudisha nyuma kiti cha lori.

Tangu hapo ikawa ni ya sita tu, maana hiyo bima haikuikata kamwe. Seremala aliitwa kuinua milango, naye akaondoka na miadi ya mgongo wake mwenyewe. Mwalimu mstaafu, ambaye maisha yake yote ya ndoa alimtazama mumewe kidevuni, siku aliyotibiwa alimtazama utosini. “Kumbe una upara!” akamwambia, na wakaenda nyumbani wameshikana mikono. Karani alicheka mpaka akaingia chini ya meza. Ilikuwa raha tupu kufanya kazi pale.

Mkaguzi wa bima alikuja amekunja uso. Akaagiza picha za mifupa, akahesabu pingili kwa ncha ya kalamu.

“Zipo sita,” akasema.

“Zipo,” daktari akajibu.

“Basi dai ni halali.”

Akalalamika kidogo kuhusu kiuno chake, akaingizwa ndani, na jioni akaondoka suruali ikimwishia kwenye ugoko.

Ndipo akaja shangazi yake karani, fundi cherehani, aliyemlea na kumsomesha kwa mgongo uleule uliokuwa ukimuuma sasa. Pingili ya nne ilibana mshipa, na maumivu yalimshuka mguuni hadi kisigino. Karani alimpenda mno hata hakutaka kumwongezea uongo. Akaandika ya nne peke yake, akabonyeza.

Bima ikajibu kwamba hayo ni maumivu ya umri, mgonjwa avumilie. Akaandika tena, akaambatanisha picha. Avumilie.

“Ongeza,” daktari akasema, wala hakuinua macho.

Lisilobudi hutendwa. Karani akaongeza ya sita. Chai haijapoa, jibu likaja: ya nne imekataliwa, ya sita imeidhinishwa, apasuliwe kesho.

“Lakini daktari, ukishafungua, si ya nne iko hapohapo jirani?”

“Binti, mimi napasua kilichoidhinishwa.”

Akaipasua ya sita, iliyokuwa mpya na nzima kabisa, akaisafisha, akaifunga.

Siku ambayo shangazi aliruhusiwa kutoka, chumba cha mapokezi kizima kilimpigia vigelegele. Alipita mlangoni kwa madaha, akatoa utando wa buibui kwenye taa, akampa karani kijiko cha chai kilichopotelea juu ya kabati. Alikuwa mzuri kwa kweli. Karani alimkumbatia, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni akamfikia kifuani tu. Furaha ikamjaa hata akasahau kuuliza. Alikumbuka walipofika kwenye ngazi.

“Na mgongo, shangazi?”

“Palepale, mwanangu. Mpaka kisiginoni.” Shangazi alicheka, kisha akashika ukuta ili apumzike. “Ila sasa cherehani imekwenda mbali. Nitainama zaidi.”

Karani alimsindikiza nyumbani, akaokota matofali uani, akayaweka chini ya miguu ya cherehani. Kisha akarudi kazini. Kulikuwa na mpiga tarumbeta anasubiri, mfupi, kiuno kimemkaza. Akamkaribisha kiti na kuanza kumwandika, na alipomaliza akaongeza moja.