Themanini na Tatu

...na bado themanini na tatu, hata baada ya kuifuta chupa kwa pindo la koti na kukisogeza kisomeo karibu zaidi, namba haitaki kupanda, na Mwalimu Filemoni nyuma yake anasema, "Kimekufa hicho, Faustina, kifuniko kiko wazi, mgandamizo wa hewa ya kawaida ni kilopaskali mia na moja, si umeandika mwenyewe hapa daftarini?" na kweli aliandika mwenyewe, alinakili alipokuwa masomoni Dar, na ndani ya chupa kidude chake kimelala, kidogo kama kifungo cha koti, hakina betri wala waya, kinangoja kisomeo kikiulize kutoka nje ndipo kijibu hewa imebaki kiasi gani, miaka miwili anakilea, maana kile cha zamani kilitaka tundu la waya, na tundu likavuja, pampu inanyonya hewa huku, inarudi kule... "mchana tunarudisha cha waya," anasema Mwalimu, hana ubaya, amechoka tu, na Faustina anaumia, anaumia hasa, halafu dirishani inaingia harufu ya maharage ya Pendo wa kantini, kayabandika tangu asubuhi na bado, Mbeya hii maharage hayana haraka, kama ya mama kule Igowole, siku ile shangazi Evarista alipokuja kutoka Dar akafunua chungu, "Wifi, haya ni ya mwaka gani?" mama akacheka, ila kesho yake akabadilisha mbegu, akabadilisha chungu, akatia magadi, mpaka leo anaamini ana mkono mbaya, na kwa shangazi, Dar, yalikuwa yanaiva hujamaliza kupiga pasi sare... yanaiva kwa sababu kule ni pwani, hewa ni nzito, huku juu ni nyepesi, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, jamani, si anawafundisha hili mwaka wa kwanza kila muhula, na mia na moja ni ya pwani, ya Dar, siyo ya hapa, hapa ni themanini na tatu, siku tatu kidude kinasema kweli naye anakibishia... "Unanisikia lakini?" "Nakusikia, Mwalimu," anajibu, raha imemjaa mpaka kooni, atamwambia, amalize kwanza kusema, halafu atampigia mama, mama, maharage yako hayakuwa na kosa, wala mkono wako, na namba iko palepale, themanini na tatu, wala hataki tena ipande.