Mandolini ya Baba Lusungu

Mke wangu Recho alisahau kwanza majina ya majirani, kisha njia ya kisimani, kisha mimi. Nautaja utaratibu huo kwa sababu ulinikera. Miaka thelathini na minane ya ndoa, halafu mtu anafuata baada ya kisima!

Fidla hakuisahau. Kila jioni, hapa kwetu Hasamba, niliketi kibarazani, nikaiweka begani na kuvuta noti moja ndefu, ile niliyowapa sauti ya pili ya kwaya niliyoifundisha, kabla hawajaingia kuimba. Recho aliimba sauti ya pili tangu usichana wake. Akiisikia tu, uso unamfunguka, anageuka na kusema, "Baba Lusungu, umerudi?" Kwa nusu saa hivi nakuwa na mke. Tunaongea habari za kahawa, na za binti yetu Lusungu aliyeolewa Itumba. Halafu kumbukumbu inamponyoka tena, ananiuliza nimetokea wapi.

Mwezi wa tatu bodaboda ikaniangusha njia ya Vwawa, bega la kulia likavunjika vibaya. Daktari alisema mkono utafanya kazi kuanzia kiwiko kwenda chini, ila kuinuka hautainuka tena. Nikamwuliza upinde wa fidla utavutwa na nani. Aliandika dawa za maumivu.

Nikajaribu ujanja. Nilimwekea Recho kwenye simu fidla yangu mwenyewe, iliyorekodiwa siku ya kipaimara. Akainuka kumtafuta mpigaji, akaenda hadi kwenye migomba akiita "Baba Lusungu!", nami nyuma yake naitika, "Niko hapa!" Hakugeuka. Simu sikuirudia tena.

Ndipo nikaenda Mpemba kwa Anania, fundi wa magitaa kando ya barabara kuu. Nilimweleza yote, tukipokezana na honi za malori. Akatoa mandolini aliyoinunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde.

"Mwalimu, hii unailaza mapajani," akasema. "Nyuzi nane, ila zinakwenda mbilimbili, na sauti ni zilezile nne za fidla. Mkono wa kushoto unajua kila kitu. Wa kulia ni kutikisa kiganja tu."

Nikarudi nyumbani na furaha ya kijinga. Mkono wa kushoto ulijua kila kitu, kweli, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu. Shingo ya mandolini ina vyuma vyembamba vilivyokatizwa chini ya nyuzi, fidla haina. Mimi naweka kidole juu ya chuma chenyewe, pale hasa fidla inapotaka, na uzi unakoroma. Kumbe kidole kinatakiwa kikae nyuma kidogo. Miaka arobaini nimewafokea watu kwa kukosea sauti hata kidogo tu, sasa uzee huu naambiwa kidole changu kikae pasipo mahali pake! Wiki sita nilijifungia stoo na magunia ya kahawa, nikijitukana mwenyewe, vidole vimechubuka.

Ubaya mkubwa ulikuwa kwamba noti haikai. Unaigonga, inalia, inakufa kabla sauti ya pili haijavuta pumzi. Anania akanielekeza kwa simu nitikise kile kipande cha plastiki cha kupigia upesi, kwenda na kurudi juu ya nyuzi, na noti itaonekana ndefu. Nikatikisa mpaka bega bovu likawaka moto.

Alhamisi iliyopita nikaketi kibarazani. Recho alikuwa anachambua maharage. Niliogopa kuliko siku ya posa. Nikapiga noti ile.

Akaacha maharage. Akafungua mdomo, nikaona kifua kinajaa pumzi, nikasema moyoni, Mungu wangu, anaingia. Akafunga mdomo.

"Inatetemeka," akasema. "Unaogopa nini, baba?"

"Siogopi, Mama Lusungu."

"Unajifunza?"

"Najifunza."

"Usione haya. Vidole vyako vizuri." Alinitazama kwa upole, ule upole wa kumpa mgeni. "Msubiri Baba Lusungu, atakufundisha kuishika noti. Ni mkali, lakini ukimvumilia utajua."

Nilimwambia ni mimi. Nilimwambia kwa kelele, kwa hasira, Mungu anisamehe, kisha nikampigia wimbo mzima tangu mwanzo, sikukosea hata mahali pamoja. Alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani. Halafu akanipigia makofi.

Akaingia jikoni, akatoka na ule ugali niliousonga mwenyewe kwa mkono mmoja, na maharage ya mchana. Akapakua sahani mbili. Moja akanipa, akaninawisha mikono. Ya pili akaifunika vizuri, akaiweka pembeni.

"Karibu, ule," akasema. "Hicho ni cha mwenye nyumba."

"Na wewe?"

"Mimi namsubiri."

Nikamsihi ale na mimi, hata tonge moja. Akakataa kwa adabu, akasema hajawahi kula kabla ya mume wake hata siku moja.

Ni kweli, hajawahi. Nikala peke yangu, kwa sababu mgeni akikataa chakula chake, Recho huumia sana, naye akaketi mbele yangu na njaa yake, anatazama njia.