Timu ya Hangari la Pamba

Ukifika Baraka, kwenye pwani ya Kongo ya Ziwa Tanganyika, leo ukauliza habari za Mwangaza, watu watakuelekeza kanisani, maana iko kwaya yenye jina hilo. Timu wameisahau, au wanajifanya wameisahau. Lakini ilikuwepo miaka ambayo mvua ikianza kunyesha Jumapili mchana, watu walitoka nyumbani mbio badala ya kuingia, kwa sababu mvua ilimaanisha Mwangaza inacheza.

Aliyeianzisha ni Albert Wilondja, Mubembe wa hapahapa aliyekulia ukimbizini Burundi. Huko Bujumbura alicheza mpira wa ndani, ule wa watu watano kwa watano, wenye mpira mdogo mzito usiodunda sana, kwenye sakafu ngumu chini ya paa. Aliporudi nyumbani alikuta uwanja wa Baraka unageuka bwawa kila masika. Ligi inasimama, vijana wanashinda wamekaa barazani. Siku moja akapita mbele ya hangari la pamba la enzi za Wabelgiji, akachungulia. Sakafu ya simenti, bati juu, nguzo pembeni tu. Ndani hamkuwa na kitu isipokuwa popo na magunia yaliyooza.

Hangari lilikuwa la Mama Pulchérie, mjane aliyefanya biashara ya samaki na mawese kati ya Kazimia na Baraka. Albert alimfuata sokoni.

"Mama, nipatie hangari yako. Tutacheza mupira mule."

"Mupira mu hangari? We Albert, uko na akili kweli?"

"Kama mvua inanyesha, batu ya Baraka beko wapi? Beko banalala. Tutabaamusha. Batalipa ku mulango."

"Na bachezaji?"

"Beko. Lakini Mama, sitaki bale ya kuja siku banapenda. Nataka mupira ikuwe kazi yao. Asubuhi mazoezi, jioni mazoezi, mwisho ya mwezi mushahara, sawa vile mwalimu."

Mama Pulchérie alicheka mpaka akajishika mbavu. "Sawa mwalimu! Balimu serikali haibalipe, basi na bao habatalipwa!" Lakini marehemu mume wake alikuwa mtu wa mpira, aliyeweza kutembea kwa mguu hadi Fizi kuangalia mechi. Mama akavuta funguo kutoka kwenye fundo la kitenge chake, akampa. Tangu siku hiyo watu wakamwita Mama Président, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali kusema.

Mchezaji wa kwanza aliyejulikana mji mzima alikuwa Dany, kijana wa rasi ya Ubwari. Alikuwa akivua na mtumbwi wa mjomba wake, na mguu wake wa kushoto ulipiga mpira kama kombeo. Wa pili alikuja bila kuitwa. Aliitwa Ntwari, Munyamulenge, mtu wa kabila la wafugaji wa milima ya Minembwe, na alikuwa ameteremsha ng'ombe wa baba yake mdogo kwenye soko la Baraka. Akasimama mlangoni kuangalia mazoezi. Dany akapiga shuti lililopita goli likatoka nje, na yule mchungaji akalidaka kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa bado umeshika fimbo.

Kila mchezaji akamgeukia.

"We," Albert akasema, "weka ile fimbo chini. Ingia."

Hakurudi tena mlimani na ng'ombe. Watu wakampa jina la Kadena, kufuli, kwa sababu akiwa kipa, goli lilifungwa kama mlango. Mama Président aliwapa yeye na Dany chumba kimoja nyuma ya nyumba yake. Mwanzoni Ntwari hakuweza hata kuangalia samaki. Alisema ndakala, dagaa wa ziwani, zinamwangalia kutoka kwenye sahani. Dany naye alisema maziwa ya kuganda yananuka kama mguu wa askari. Mwaka haukuisha, mmoja akawa anakula ndakala na vichwa vyake, na mwingine anasubiri kibuyu cha maziwa kutoka Minembwe kama mtoto anavyosubiri sikukuu.

Timu zikaja kutoka Uvira, kutoka Kalemie, mara moja hata kutoka Bujumbura. Siku ya mechi na Uvira, watu wa Fizi waliteremka juu ya lori la mihogo. Wachungaji wa ng'ombe wenye makofia yao walisimama kwenye matofali yaliyopangwa kuwa jukwaa, bega kwa bega na wavuvi wa Ubwari. Dakika za mwisho Uvira wakapata penalti. Ntwari akaruka, mpira ukamgonga kifuani ukarudi kwa Dany, Dany akatoka nao mbio na kufunga upande wa pili kabla yule aliyepiga penalti hajainua kichwa. Bati zilitetemeka kwa kelele. Mzee mmoja wa kilokole, ambaye hakuwahi kukanyaga dansi maisha yake yote, alionekana anacheza. Albert huwa anasema kwamba angekufa jioni ile, asingemdai Mungu kitu.

Lakini hakufa, akaona yaliyofuata.

Kule juu milimani vita ilikuwa inavuta moshi tangu zamani. Mwaka ule ikawaka. Vijiji vya Babembe viliungua, vijiji vya Banyamulenge viliungua, na kila upande ulihesabu makaburi yake tu. Ng'ombe waliibwa kwa makundi. Baba mdogo wa Ntwari hakuteremka tena sokoni, na kibuyu cha maziwa hakikuja tena. Kisha habari ikafika kwamba Eugène, kaka yake Dany, aliyekuwa amehamia juu ya Fizi kulima maharagwe, ameuawa shambani, jembe likiwa mkononi.

Dany alikwenda kuzika. Aliporudi, Ntwari alimkuta chumbani anakunja godoro lake.

"Pole, ndugu yangu," Ntwari akasema. "Pole sana."

Dany alibeba godoro kichwani, akampita mlangoni kama mtu anavyopita nguzo.

Mechi iliyofuata ilikuwa na timu ya Kalemie. Kila Ntwari alipogusa mpira, sehemu ya watu ilipiga kelele: "Arudi kwao! Arudi kwao!" Mwanzoni wengine waliwanyamazisha. Baadaye waliokuwa wakinyamazisha wakachoka, au wakaogopa. Jiwe likatoka kwenye matofali, likampasua Ntwari juu ya jicho. Albert alitaka kusimamisha mechi. Ntwari akakataa, akafunga jeraha kwa soksi, akaendelea kudaka, damu ikimwingia jichoni. Dany alikuwa hatua chache mbele yake. Hakugeuka.

Kesho yake kundi la vijana lilikwenda kwa Mama Président. Hawakupiga kelele. Walikaa vizuri kwenye viti, wakamwita Mama, wakamwambia kwamba yule muntu asipoondoka, hangari litaungua, na wao hawatajua nani aliyewasha.

Mama alipomsimulia hayo, Albert alisema: "Basi tufunge timu. Kama anatoka yeye, tunatoka sote."

"Ni rahisi kwako kusema," Mama Président akajibu, machozi yakimtoka. "Ile hangari ndiyo inalisha batoto yangu. Na bale bachezaji bengine? Dany eko na mama ya kulisha, na sasa batoto ya marehemu beko juu yake. Unipatie akili ingine, Albert. Mi sina."

Walikuwa bado wameketi hivyo wakati Ntwari alipotokea uani. Alikuwa amesikia yote.

"Kocha, musifunge kazi ya batu juu yangu. Mi nitaenda."

"Utaenda wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Njia ya Minembwe ilikuwa na vizuizi, na kwenye kila kizuizi kulikuwa na watu wenye silaha waliotazama pua ya mtu, kujua kabila lake, kabla ya kutazama kitambulisho chake. Njia ya Uvira ilikuwa hivyohivyo. Likabaki ziwa. Kutoka Ubwari hadi Rumonge, upande wa Burundi, ni safari ya asubuhi moja kwa mtumbwi wa moteur, wenye injini. Na mtumbwi wa moteur ambao Albert aliweza kuuomba ulikuwa mmoja tu, wa mjomba wake Dany.

Alimkuta Dany ufukweni anashona nyavu.

"Dany, nakuja kukuomba kitu mbaya."

"Najua, Grand, kaka yangu. Unataka nimubebe."

"Kama hautaki, sitakasirika."

Dany alishona fundo moja, akalifungua, akalishona tena. "Bananiambia walioua Eugène ni batu ya kwao. Mama yangu anaulizaka kila siku kama bado tunalala chumba moja. Sasa unataka nimukalishe mu mutumbwi yetu."

"Ndiyo."

"Nitamubeba," Dany akasema. "Lakini asiniongeleshe. Akifungua mudomo, namurudisha."

Wakaondoka kulipokucha. Albert aliwasindikiza hadi majini. Ntwari alikuwa na begi moja na jaketi la Mwangaza alilolivaa ndani nje, ili jina lisionekane. Alitaka kusema neno, akamtazama Dany aliyekuwa ameshika moteur, akanyamaza. Akakaa mbele, akaangalia maji.

Timu ilimpata kipa mwingine, kijana mwenye bidii. Haikusaidia. Dany alikosa mazoezi mara moja, mara mbili, kisha akawa haji kabisa. Wale vijana waliotishia kuchoma hangari hawakuwahi kununua tiketi hata moja; na wale waliokuwa wakinunua walikuja wachache, wakaangalia kama watu walio msibani, wakarudi makwao kabla ya kipenga. Mama Président aliendelea kuwalipa wachezaji mpaka aliposhindwa, na aliposhindwa alimwita kila mmoja peke yake kumwambia, kwa sababu aliona aibu kuwaambia pamoja.

Kisha wakaja wakimbizi wa ndani. Waliteremka kutoka milimani kwenye mvua, familia kwa familia, watoto migongoni na sufuria vichwani. Mama Président mwenyewe ndiye aliyewafungulia hangari. Albert alipofika asubuhi, alikuta nguo zimeanikwa kwenye nyavu za magoli, na moshi wa mafiga umejaa hadi kwenye bati.

Alivumilia masika yote. Halafu akaenda kwa mama mmoja aliyekuwa kama kiongozi wao, akamwomba kwa heshima.

"Mama, tulikuwa tunacheza hapa. Kama mungesogea upande ule, tungechukua nusu tu, saa mbili kwa siku."

Yule mama alimwangalia bila hasira. Mtoto alikuwa amelala katikati ya duara la kati, mahali mpira unapoanzia.

"Baba, mi nitasogea. Leo jioni tutasogea. Unionyeshe tu wale wenye watakuja kuangalia."

Albert alimsaidia kubeba ndoo ya maji, akatoka. Hakuna aliyetangaza kwamba Mwangaza imekufa. Hiyo ndiyo siku ilipokufa.

Wachezaji walitawanyika. Mmoja alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu, Misisi. Wawili wakaingia porini na bunduki. Mmoja wao alirudi amefungwa kwenye turubai, na Albert alikuwa kati ya waliochimba kaburi. Mama Président alisukumwa na ushuru wa vizuizi na ugonjwa wa presha, mpaka watoto wake wakamchukua kwenda kuishi nao Kigoma. Na vita ilipoteremka pwani, watu wenye silaha waliokuwa wakikimbia walipita Baraka, wakang'oa bati za hangari kuanzia upande wa barabara. Wale wakimbizi wakabeba sufuria zao tena. Leo ndani mmeota majani, na simenti imepasuka.

Albert sasa anauza makaa karibu na ufukwe. Miezi michache iliyopita alimwona Dany anapakua kreti za ndakala. Amekonda, nywele zimeanza kuwa nyeupe mapema. Hawakuwa wameongea kwa muda mrefu. Wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto.

"Anaishi?" Dany akauliza ghafla, macho yakiwa kwenye samaki.

Albert hakuhitaji kuuliza ni nani. "Anaishi. Eko mu kambi kule Burundi. Goti ilikufa, hachezi tena. Mama yake alifia Minembwe, hakuweza kufika kuzika."

Dany akatikisa kichwa. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Siku ile, katikati ya ziwa, moteur ilizima. Upepo ulikuwa unaturudisha. Ilibidi tupige kasia, na yeye hajui kasia, ni mutu ya ng'ombe. Nikamuonyesha na mikono. Sikusema. Akaangalia, akafanya. Tulipiga kasia mpaka ngozi ya mikono ikatoka. Nilikuambia asiniongeleshe, na hakuniongelesha, Grand. Hata neno moja. Alifika, akatapika, akashuka. Akasimama mu maji, anangojea. Mi najua alikuwa anangojea neno moja tu toka kwangu."

"Ulimwambia?"

"Niligeuza mutumbwi."

Albert alitoa simu mfukoni. "Namba yake niko nayo. Nimuite?"

Dany aliitazama ile simu. Akina mama wanunuzi walikuwa wanakaribia na mabeseni yao, wanapiga kelele za bei.

"Hapana," akasema. "Nikisikia sauti yake nitalia. Na nikilia hapa, bataniuliza nalilia nani. Nitabajibu nini?"

Albert akarudisha simu mfukoni. Kreti ya mwisho ilikuwa nzito. Akashika upande mmoja, Dany akashika mwingine, wakaipandisha mchangani.