Milioni na Moja

Fundi cherehani alikuwa na miaka hamsini na miwili alipojiandikisha darasa la watu wazima, na hesabu ndiyo aliyoipenda kuliko masomo yote. Alasiri moja mwalimu, kijana mpole ambaye koti lilimpwaya, aliandika ubaoni 1,000,001. Akasema hiyo ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ndivyo kitabu kilivyosema.

Neno lile lilimchoma. Katika miaka thelathini ya ndoa, wifi yake akikasirika hakuwa na jina jingine la kumwita, na ndugu walilimeza hivyo hivyo, hakuna aliyeuliza kapimwa nani. Fundi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nani kaijaribu?"

Mwalimu akakiri kwamba yeye hajaijaribu. Akaeleza njia: uigawe kwa namba tasa ndogo, moja baada ya nyingine, ukifika elfu bila kupata inayoingia pasipo baki, ndipo uiite tasa. Lakini kwa mkono, akaonya, kazi hiyo inachosha.

"Kuchoka nakujua," Fundi akasema. "Nimeshona sare za shule nzima."

Nyumbani alitandaza karatasi anazochorea mikato ya nguo, akashika kalamu. Mbili, tatu na tano zilikataa papo hapo. Saba ikabakisha mbili, kumi na moja ikabakisha mbili, kumi na tatu vilevile, kana kwamba zimekula njama. Kwenye arobaini na tatu moyo ulimruka, kumbe alikuwa amekosea kutoa. Akafuta, akaanza upya. Mumewe, seremala asiye na maneno mengi, alishika sufuria siku mbili nzima, akamwambia namba haina miguu, apumzike kidogo. Hakupumzika.

Siku ya tatu, tisini na saba ilibakisha ishirini na nane. Akaingia mia moja na moja. Jibu likaja 9,901, na chini yake sifuri. Akazidisha kurudi nyuma, akampa mumewe naye azidishe. Ikatoka milioni na moja.

Darasani Fundi alipoandika hayo, mwalimu alirudia hesabu yote pembeni mwa ubao. Kisha akachukua kalamu, akakata lile jibu kitabuni.

"Kimekosea," akasema, "na mimi nilikiamini tu. Ahsante, Fundi."

Fundi hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwa wifi yake, akamkuta anaanua nguo.

"Wifi, lile neno unaloniita, leo ndiyo mwisho. Hukunipima, wala kaka yako hakupimwa. Ukilirudia, kwangu usije."

Wifi aliikunja shuka aliyokuwa nayo mkononi. Kisha, kwa sauti ya chini, akamuuliza kama atakunywa chai. Fundi akavuta kigoda, akaketi.