Mlango wa Kabati la Gemu

Tak.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyebana kifuniko cha kopo. Mama Kidoti aliisikia akiwa jikoni gizani, mkono mmoja umeshika mwiko, mwingine unapapasa rafu kutafuta kiberiti. Umeme ulikuwa umekatika punde tu, na lile giza la mapema la jioni, ambalo halimpi mtu nafasi ya kujiandaa, lilikuwa limeimeza nyumba nzima. Akajiambia ni bati linapoa. Akaendelea kupapasa.

Sebuleni mdogo wake alikuwa amegeukia ukutani akihesabu kwa sauti nene ya kuigiza. "...nane, tisa, kumi! Umejificha, hujajificha, mjomba anakuja kukula mbichi!"

Mama Kidoti akacheka peke yake. Mdogo wake huyo walimbatiza Chapchap tangu utotoni, maana alikuwa mtu wa kutenda kwanza na kuuliza baadaye. Amekuja kuwasalimu na amemkuta mpwa wake kasukwa nusu kichwa, upande mmoja mistari mizuri, upande wa pili nywele zimesimama kama ufagio, kwa sababu mama alikuwa amekimbilia sufuria jikoni. Basi wacheze. Mtoto wa miaka minne gizani na mjomba wake, ndani ya nyumba yao wenyewe, kuna ubaya gani?

Ubaya ulikuwa umesimama sebuleni, mrefu kuliko mtu, unanukia mbao mpya.

Kabati la gemu lilikuwa wazo la mumewe. Baba Kidoti ni seremala, na ujana wake aliumaliza kwenye vibanda vya gemu, akichapwa kila alipochelewa kurudi. Sasa alitaka mashine kama zile, ya kusimama, yenye kijiti na vitufe, ijengwe ndani ya nyumba yake. "Ili nikichelewa kurudi nyumbani," alisema, "niwe nimechelewea nyumbani."

Waliipanga sakafuni juu ya karatasi ya kaki, yeye akichora mbao kwa penseli ya useremala, mkewe akichora nyaya kwa kalamu nyekundu, na Kidoti akilala katikati ya mchoro apimwe, ili vitufe vije vifikie kifua chake akisimama juu ya kigoda. Zilikuwa jioni tamu. Fremu iliposimama, baba alimnyanyua binti yake akamketisha kwenye uwazi wa chini, miguu kaikunja, magoti kidevuni. "Haya, roho ya mashine hii hapa!" Alienea mle kama yai kwenye trei. Walicheka wote watatu mpaka machozi. Hakuna aliyefikiri kwamba siku ile walikuwa wanamwonyesha mtoto mahali pa kujificha.

Kazi ya umeme ilikuwa ya Mama Kidoti, kwa kuwa ndiye aliyesoma, darasa la jioni, mtoto akiwa mgongoni. Na woga ulimwingia siku mumewe alipoleta televisheni ya chogo, zile za zamani zenye kioo kinene na mgongo mkubwa.

"Si tuweke bapa tu?" alimwomba.

"Gemu bila chogo ni chai bila sukari, mke wangu."

Lakini yeye alikuwa amemsikia mwalimu wa jioni. Kuchomoa plagi, mwalimu alisema, si kumaliza kazi. Kile kioo kikubwa kinabaki na umeme wake tumboni, kimetulia kama mbwa anayejifanya kalala, na ukimshika pabaya anauma kwa nguvu zote. Mwenzake mmoja wa zamani alichomoa plagi, akaenda kunywa chai, akarudi, akaingiza mkono. Ile chai ikawa ya mwisho.

Tangu hapo Mama Kidoti hakuligusa chogo bila utaratibu wake. Mkono mmoja nyuma ya mgongo. Mkono wa pili una bisibisi ndefu, na kwenye shingo ya bisibisi kuna waya uliobanwa kwenye chuma cha fremu. Anaipenyeza ncha taratibu chini ya ule mpira mweusi, wa umbo la kikombe kidogo, pale waya mnene mwekundu unapoingia kwenye kioo. Pah! Cheche ya buluu. Hapo tu ndipo anapumua. Mara ya kwanza mumewe alimcheka alivyoruka. Mara ya pili hakucheka. Na mpira wenyewe ulikuwa umekauka, una nyufa zilizoonyesha chuma cha ndani. Mpya walikuwa bado wanautafuta.

Basi hali ya kabati jioni ile ilikuwa hivi. Chogo limevuliwa ganda lake la plastiki, limegeuzwa ubavu ili picha isimame wima kama gemu za kurusha ndege zinavyotaka, na limeketi juu ya papi mbili tu, vipande vyembamba vya mbao, halijafungwa hata skrubu moja. Ubao wa kulitenga na uwazi wa chini umeegemezwa ukutani, kwa sababu mama mwenyewe alisema, "Usiuweke kwanza, nimalize nyaya." Mlango wa nyuma ndio uliokuwa umekamilika. Baba aliutia sumaku mbili badala ya moja na kuuonea fahari mno. "Sikia unavyojifunga wenyewe!" Aliufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga, mpaka mkewe akamwambia, "Muoe basi."

Kiberiti kilipatikana. Mama Kidoti akawasha mshumaa, akatoka nao.

"Dada," Chapchap akamwambia kwenye korido, "leo huyu binti kajificha sawasawa. Nimepekua kote."

"Chini ya kitanda?"

"Chini ya kitanda, nyuma ya pazia, ndani ya kapu la nguo."

"Kidoti!" akaita. "Njoo umalizie kichwa chako!"

Kimya. Hilo halikumshangaza. Sheria ya mchezo wao, waliyoitunga mjomba na mpwa, ni kwamba aliyejificha haitiki hata akiitwa na nani. Anatoka tu mtafutaji akisema "nimeshindwa", na hapo anaruka juu, mikono yote miwili hewani, akipiga kelele za ushindi. Hiyo ndiyo sehemu aliyoipenda kuliko zote.

Wakapita chumba kwa chumba. Mama akatoka uani. Mfuniko wa pipa la maji ulikuwa umekaa upande. Akausukuma pembeni. Kisha akaingiza mkono, mpaka kwapani, akapapasa kwenye maji baridi, huku na huku, akagusa chini. Kulikuwa na kopo. Kopo tu. Akashika ukingo.

"Geti limefungwa kwa ndani," Chapchap akasema, na safari hii hakuwa na utani sautini.

Papo hapo likagongwa, akalifungua. Baba Kidoti alikuwa amerudi, begi la vifaa begani, vumbi la mbao kwenye nyusi. Aliwatazama nyuso zao chini ya mshumaa. "Kuna nini?"

"Mtoto haonekani."

Akawasha tochi ya simu, akaingia sebuleni, na mguu wake ukakwaa waya uliotandazwa sakafuni. Akaufuata kwa mwanga hadi ukutani. Plagi ya kabati, ambayo siku zote ilining'inizwa juu kwenye msumari, ilikuwa kwenye soketi.

"Nani kachomeka hii?"

"Mimi, shemeji," Chapchap akasema. "Nilitaka mtoto aone picha kidogo tu. Ikawaka vizuri kabisa. Mara umeme ukakatika, nikasema basi, tucheze kujificha..."

Mama Kidoti hakuyasikia ya mwisho. Ile sauti ndogo ilikuwa imemrudia masikioni. Tak. Halikuwa bati.

Mumewe naye alikuwa ameelewa. Alipiga hatua kuelekea nyuma ya kabati na mkewe akamkamata mkanda wa suruali, akamvuta kwa nguvu ambayo hakujua anayo.

"Usifungue," akanong'ona. "Sumaku mbili. Ukivuta, kabati zima litatikisika na chogo halijafungwa. Na kama kaegemea mlango ataanguka kinyumenyume, atadaka chochote kilicho mbele yake."

Chapchap, masikini, alitaka kusaidia. Alivuta pumzi, akafungua kinywa: "Nimesh—" Dada yake akamziba mdomo kwa kiganja kilicholowa maji ya pipa. Macho ya kijana yakamtoka. Naye sasa alikuwa anaiona picha: mtoto anaruka juu, mikono miwili hewani.

Mama akachomoa plagi kwanza, umeme usije ukarudi. Kisha akapiga magoti sakafuni nyuma ya kabati, shavu karibu na mbao, akasikiliza. Hakuna kitu. Na hapo ndipo woga wenyewe ulipomshika, maana mwingine wote ulikuwa utangulizi. Kimya cha mtoto anayeshinda mchezo, ukikisikiliza nje ya mlango, hakina tofauti yoyote na kile kimya kingine.

Akatafuta sauti yake ya alasiri, ile ya kukaa kwenye mkeka na mtoto katikati ya magoti, kitana mkononi, wakati wa kusuka. Walikuwa na maneno yao.

"Kichwa hiki cha nani?" akauliza, taratibu kabisa.

Kimya.

"Jamani, kichwa hiki cha nani?"

Mbao ikakwaruza kidogo. Kisha, kwa kunung'unika, kama mtu anayedhulumiwa ushindi wake: "Cha mama."

Baba Kidoti alijiziba uso kwa mikono miwili. Mkewe hakumtazama. "Kinasogea?"

"Hakisogei."

"Mikono iko wapi?"

Jibu la siku zote lilikuwa "mapajani". Halikuja.

"Kidoti wa mama. Mikono iko wapi?"

"Mmoja uko juu. Miguu ina ganzi. Nataka nisimame."

Sauti ya mama ilibaki palepale kwenye mkeka. "Hujamaliza kusukwa, mwanangu. Ushushe huo mkono. Pole... pole. Kama umeshika kifaranga kinalala. Usikigongeshe popote."

Walisubiri.

"Umefika," mtoto akasema.

"Uko wapi?"

"Mapajani."

"Na kichwa?"

"Hakisogei, mama."

Baba alikuwa tayari amechukua patasi yake nyembamba kabisa. Alilala kifudifudi, akaipenyeza kwenye ufa wa mlango, juu ya sumaku ya chini, na kuizungusha kwa vidole viwili, kama mtu anayechokoa mwiba kwenye unyayo. Fahari yake yote ilikuwa kwenye ufa ule usiopitisha hata karatasi, na sasa alikuwa anaulaani kimoyomoyo. Sumaku ya chini ikaachia. Bega lake alilikaza kwenye kabati lisitikisike. Ya juu ikaachia.

"Sasa unaegemea mkono wa baba," mama akasema. "Huanguki. Tulia hivyohivyo."

Mlango ukafunguka kidogo kidogo, na mgongo wa mtoto ukaja nao, ukapokelewa. Tochi ikaonyesha mle ndani. Ufagio wa nywele zisizosukwa ulikuwa unakaribia kuligusa lile chogo.

"Chapchap. Mfuniko wa ndoo. Wa plastiki, mkavu."

Safari hii jina lake lilikuwa na faida. Mfuniko ulifika kabla sentensi haijaisha. Mama akautelezesha kati ya kichwa cha mtoto na kioo, mahali pa ule ubao ambao yeye mwenyewe alisema usubiri, kwa mkono mmoja tu, mwingine ameubana nyuma. "Mvute sasa. Moja kwa moja, chini chini."

Kidoti akatoka kama mkate unavyotolewa kwenye tanuri, akaishia kifuani kwa baba yake. Mjomba akaketi sakafuni, akaanza kulia bila sauti.

"Mjomba hajasema nimeshindwa," mtoto akalalamika.

"Nimeshindwa," Chapchap akasema. "Wallahi nimeshindwa. Maisha yangu yote."

Mama Kidoti alitaka kumkumbatia binti yake, lakini mikono yake ilikuwa bado na kazi. Hangeweza kulala nyumba moja na kitu kile kikiwa hai. Akawasogeza wote hadi mlangoni. Akachukua bisibisi, akabana waya kwenye chuma, akaweka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Akaipenyeza ncha chini ya mpira wenye nyufa.

Pah!

Cheche ya buluu ikamulika sebule nzima, na kwa kufumba na kufumbua kila mtu akauona uso wa kila mtu. Halafu likarudi giza, na harufu kama ya kiberiti kilichozimwa.

Baba Kidoti alikuwa amemkumbatia mtoto kwa nguvu kiasi kwamba kidole chake kidogo tu ndicho kilichopata njia ya kutoka, kikaelekea kule cheche ilikotokea.

"Mama," Kidoti akasema, "hapo ndipo nilipotaka kushika."